Mama Atakaa Mbele, Mimi Juu ya Magunia

Ruiru, Jumapili, tarehe 9 Novemba 1958

Mpendwa mke wangu, Mama Fanisi,

Leo ni miezi kumi na minne tangu niondoke nyumbani bila wewe. Ukiona mwandiko unalala usidhani nimekunywa, ni mikono imechoka. Msimu wa kahawa umefika katikati na tunachuma tangu umande mpaka mgongo ukatae kunyooka. Shati ulilonichagulia Kisumu limegeuka buluu kwa dawa ya kunyunyizia mikahawa, na hata wewe hutaweza kuitoa.

Lakini sikuandikii kulalamika. Nimepata barua yako, ile inayosema mama yako atakuruhusu kurudi Ruiru kwa sharti moja: aje pamoja nawe, aione njia yote kwa macho yake, mchana, mpaka mlango wa nyumba unayolala. Unasema amesema hawezi kumtoa binti yake aende mahali ambapo yeye mwenyewe hajui njia ya kumfuata. Unasema pia kwamba asipoiona njia, hutoki. Basi jibu langu ni ndiyo, na safari nimekwisha kuipanga.

Najua utauliza kwa nini nisiwalete kwa treni kama watu wengine. Treni hupita milimani usiku, na mama yako ataona giza na taa za stesheni tu. Tena kule daraja la tatu watu hukaa magoti kwa magoti. Mimi na mkwe wangu, magoti kwa magoti kutoka Kisumu hadi Nairobi? Afadhali nije kwa miguu. Tutapita barabara ya juu, ile tuliyopita mimi na wewe.

Unaikumbuka? Ni miaka saba sasa. Tulikuwa tumeoana mwezi mmoja haujaisha, tumekaa juu ya magunia ya mahindi. Mpaka Eldoret ulikuwa unaimba. Barabara ilipoanza kupanda kwenda Timboroa wimbo ukaisha, ukafunga leso zote mbili, ukachukua na koti langu. Ukaniuliza, "Mbona hukuniambia kwamba unakaa nyuma ya baridi?" Mianzi ilikuwa imesimama pande zote mbili, na mitarakwa mirefu inanuka kama sanduku jipya. Halafu ukawaona mbega, wale wenye mabega meupe na mikia myeupe, wametulia juu kabisa wanatutazama. Ukasema, "Wazee wa kanisa wamepanda miti leo." Nilicheka mpaka dereva akagonga bati la mbele akitaka kujua nani ameanguka.

Tulikunywa chai kando ya msitu, kwenye vikombe vya bati, na wewe hukuinywa kwanza, ulikipitisha kikombe mashavuni. Tulipotoka msituni nchi ikafunguka chini yetu, ziwa la Nakuru likionekana mbali, kando yake pekundu kwa ndege. Ulishika ubao ukatazama mpaka Gilgil. Siku ya pili tukaupanda mteremko mkubwa wa Bonde la Ufa, lori linanguruma kama ng'ombe anayezaa, tanboi, msaidizi wa dereva, anakimbia nyuma na gogo la kuzuia gurudumu, na wewe unaomba kwa sauti kwa lugha ya nyumbani, unamtajia Mungu jina la baba yako ili akutambue. Tulisimama kule juu injini ipoe. Ukageuka ukatazama tulikotoka, mlima Longonot umefungua mdomo wake na bonde lote liko buluu. Ukasema, "Mama hataamini."

Sikusahau maneno hayo. Tulikaa Ruiru miaka mitatu vizuri, kisha ukarudi nyumbani kumzaa Fanisi, kisha siku za hatari zikazidi, vizuizi vya askari kila mahali, nikasema kaa huko kwanza. Sikujua hiyo "kwanza" itakuwa ndefu namna hii.

Sasa nilizungumze jambo la Septemba mwaka jana, maana tangu siku ile tumeandikiana barua nne na kila mmoja analizunguka kama shimo. Nilikuja kuwachukua. Mama yako akasema atatusindikiza mpaka Kapsabet akauze ndizi. Tukapanda sote nyuma ya lori. Yeye pembe ya mbele amegeuza uso, mimi pembe ya nyuma nimegeuza uso, kama inavyotakiwa mtu na mkwe wake. Kwenye kona ile ya chini gurudumu likaingia shimoni. Mama yako akarushwa pamoja na mkungu wa ndizi, akaja moja kwa moja upande wangu, na ubao wa nyuma ulikuwa wazi. Nikamdaka. Kiunoni, kwa mikono miwili, mbele ya watu.

Muuza vyungu mmoja tuliyepanda naye akapiga kigelegele. "Haya jamani! Mkwe amepata mke wa pili na ndizi juu!" Nami nikacheka.

Mama yako aligonga bati, lori likasimama, akashuka. Ukanitazama mara moja, ukashuka na mtoto mgongoni. Nilifika Ruiru na mkungu wa ndizi badala ya mke.

Ndugu yangu alipeleka kondoo wa utakaso, akachinjwa, wazee wakasema jambo la kushikana limekwisha. Nikadhani nimepona. Ndipo ukaniandikia, "Mama hana neno tena na mikono yako. Ana neno na meno yako." Siku ile niliyosoma hayo nilikasirika, sitakuficha. Nilisema, ningemwacha aanguke ningeitwa muuaji, nimemshika naitwa mtovu wa adabu, mtu afanye nini? Nilikaa na hasira hiyo kama miezi miwili. Haikunisaidia kitu. Nilikuwa narudi kwenye chumba kile ninaikuta imenisubiri peke yake.

Ukweli ni kwamba sikucheka kwa furaha. Nilikuwa nimeona barabara inakimbia chini ya miguu yake, nikacheka kama mtu aliyekoswa na nyoka. Lakini yeye hakuona moyo wangu, aliona meno tu, na watu wakacheka kwa sababu mimi nilianza. Kwa hiyo hapa naomba umsomee kwa sauti, maana mimi siwezi kusema naye ana kwa ana:

Mama, mume wa binti yako anasema alikosa. Angeweza kukudaka, akuweke chini, ainamishe uso na anyamaze, na watu wote wangenyamaza pamoja naye. Badala yake alicheka. Hajasikia kwamba kuna kondoo wa kulipia kicheko, kwa hiyo anakuomba msamaha kwa mdomo uleule uliocheka.

Ukiisha kusoma hapo ngoja kidogo, mwache afikiri. Kisha msomee na njia, aone kwamba haijapangwa na mtoto.

Kuna dereva anaitwa Musyoka, Mkamba, anaendesha lori la mfanyabiashara mmoja wa Thika. Hupeleka magunia matupu huko kwetu na kurudi na mahindi. Januari tanboi wake anakwenda likizo, na nyapara amekubali kunipa wiki tatu kahawa ikiisha. Mimi nitakuwa tanboi. Nilimfuata Musyoka Thika nikamweleza habari yote, nikidhani atanicheka. Hakucheka hata kidogo.

"Wewe una bahati, wako ulimdaka," alisema. "Mimi wangu nikimwona njiani naruka mtaro."

"Hata ukiwa na baiskeli?"

"Baiskeli naiacha pale. Itajitetea."

Basi mtu huyo anajua anachokibeba.

Lakini palikuwa na swali gumu, nikalipeleka kwa watu wa kwetu hapa kambini baada ya ibada. Mtu na mkwe wake hawalali nyumba moja. Je, lori ni nyumba moja au mbili? Mzee Jotamu, yule Mnyore mwenye jicho moja, alisema, "Injini moja, nyumba moja. Imekatazwa." Wengine wakampinga. Wakasema mbele kwa dereva kuna milango yake, nyuma kuna ubao wake, na katikati kuna ukuta wa chuma, kwa hiyo ni majirani wawili wenye ng'ombe mmoja. Jotamu akasema, "Na lile dirisha dogo nyuma ya dereva?" Tukakubaliana litafungwa kwa gunia. Akasema tena, "Na akikohoa mkwe akasikia?" Mmoja akamjibu, "Kukohoa si kusalimiana, mzee, ama wewe ukikohoa huwa unaomba kiti?" Watu walianguka kwa kicheko. Mimi nilifunga mdomo. Nimejifunza.

Kwa hiyo mambo ni hivi. Mama atakaa mbele, dirishani, aone. Wewe katikati, Fanisi mapajani. Mimi juu ya magunia. Tukisimama, Musyoka atapiga honi mara moja, ninyi mtashuka na kwenda mnakokwenda. Mkirudi na mlango ukifungwa atapiga mara mbili, ndipo nami nishuke. Chakula chenu kitakuwa kwenye kikapu chenu na changu kwenye changu. Nikikimbia nyuma na gogo kwenye mlima, mama yako atazame mbele tu, hakuna kitakachomfikia.

Siku ya kwanza tutaondoka Chavakali, hapo nyumbani, alfajiri. Kwenye kona ile Musyoka atakwenda mwendo wa kobe, nimemwapisha. Tutapita Kapsabet na Eldoret bila kukaa sana. Timboroa tutafika jua likiwa juu, na hata hivyo mwambie avae sweta na soksi za baba, asione aibu, baridi ile haiheshimu umri. Tutasimama kwenye chai. Mbega wakiwepo, mwonyeshe wewe, usimwambie wanafanana na nani, mwache aseme mwenyewe. Nakuru tutaingia kabla jua halijazama. Ninyi mtalala kwa shangazi yako, nimekwisha kumpelekea salamu naye amejibu. Mimi na Musyoka tutalala kwenye lori.

Siku ya pili ni Naivasha, halafu tunapanda. Milima ya Nyandarua itakuwa mkono wa kushoto, Longonot mkono wa kulia. Vizuizi vimepungua sana, na barua za ruhusa ninazo. Kule juu kabisa Musyoka atazima injini nusu saa. Mchukue mama yako mkono mpaka ukingoni. Mimi nitakuwa upande wa pili wa lori natazama msitu. Aangalie anavyotaka, aulize njia imepita wapi, umwonyeshe kwa kidole toka mwanzo. Nataka akirudi nyumbani aweze kuwaeleza wengine mahali unapokaa bila kuuliza mtu.

Jioni tutafika Ruiru. Hatalala kwangu, usiogope. Mama Wanjiru ng'ambo ya njia, yule aliyekuwa anakuletea mboga, ana nafasi. Nilipomwambia alishika kichwa, "Ngai! Mama yako mkwe avuke milima yote hiyo alale kwingine? Mlete hapa, nitamfunza kupika irio, naye anifunze hiyo mboga yenu chungu." Chumba chetu nimekipaka chokaa. Mlango nimeubadilisha, ule wa zamani ulikuwa na nafasi chini hata kuku anaingia. Asubuhi kukiwa hakuna ukungu mtaona Kilimambogo kwa huku na Kirinyaga kwa kule, na theluji yake. Jumapili mtakwenda Thika kuona maji yanavyoanguka mwambani, ninyi wanawake mbele, mimi nyuma mbali na kofia yangu.

Sasa kunja karatasi kidogo, maana yanayofuata ni yako peke yako.

Nimechoka, mke wangu. Sikusoma sana, darasa la nne halimfundishi mtu namna ya kusema mambo haya, kwa hiyo nayasema wazi. Sichoki kwa kazi peke yake. Kazi mtu huipumzikia. Nachoka kupika uji wa mtu mmoja. Nachoka kusikia wenzangu wakigombana na wake zao upande wa pili wa ukuta na kuona wivu. Fanisi ana miaka minne na nimekaa naye siku ambazo naweza kuzitaja moja moja. Siku ile kwenye lori alinishika kidole kabla hujashuka, nikadhani tutashikana hivyo mpaka Ruiru.

Nina hakika mama yako atakubali. Mwanamke asiyetaka binti yake aende hawezi kuomba kuonyeshwa njia. Angesema hapana tu, na basi. Hilo nimelifikiri sana huku nikichuma na naliona ni kweli. Lakini hata kama nimekosea, nimeamua jambo na sikuwaambia hata watu wa kambini. Musyoka atapakia mahindi Jumatatu na Jumanne, Jumatano alfajiri lori linaondoka. Mkiwa barabarani wote watatu, tunaondoka. Mama yako akisema hapana, lori litaondoka bila tanboi. Ruiru wataweka mtu mwingine kwenye mistari yangu ya kahawa, wako wengi. Mimi nitabaki. Nitakata miti nijenge mbali kidogo na boma la mama yako, mahali asipoweza kuniona, na nitalima. Njia ya milimani ataiona siku nyingine akitaka, au asiione. Kurudi huku tena peke yangu sirudi.

Jumamosi tarehe kumi na saba Januari, kabla ya adhuhuri, nitashuka Chavakali.

Mimi mume wako,
Baba Fanisi