Kandambili ya Mguu wa Kulia

Kaka Amani,

Nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Najua kwamba timu kubwa imekushusha. Nilikuwa nimebakiza mega kidogo kwenye simu, nikafungua ukurasa wao nitazame picha yako. Haikuwepo. Nikaikuta kwenye timu ya pili, ile ya mji mdogo, umevaa jezi ya rangi nyingine na hucheki.

Jumapili ulipopiga simu ulimwambia Mama, "Niko muzuri, barafu iko muzuri, kila kitu kiko muzuri." Akafurahi. Nilipochukua simu mimi, ukashusha sauti: "Mudogo wangu, pengine nitaacha hii hoki ya barafu, nitafute kazi kama watu wengine." Ukacheka. Mimi sikucheka, lakini unanijua, kwenye simu sijui kusema. Ndiyo maana nakuandikia.

Mama hawezi kuambiwa. Hukuwepo siku tulipotazama mechi yako ya kwanza ya kulipwa, majirani wote wamejaa sebuleni. Uliingia kwenye barafu, tukapiga kelele, na kabla hatujakaa vizuri ukatoka, ukaketi kwenye benchi. Mama akasimama.

"Wamemutoa! Mutoto wangu amewakosea nini?"

"Mama, anapumuzika tu. Wote wanabadilishana."

"Kupumuzika? Hata jasho hajatoka! Uko unanidanganya."

Kila uliporudi alimshukuru Mungu, kila ulipotoka alimgombeza kocha. Jirani mmoja akamwambia, "Mama Amani, ukiendelea hivi, wewe njo utabebwa na machela." Sasa fikiria mtu huyo aambiwe kwamba safari hii wamekutoa kweli.

Lakini mimi siogopi, kwa sababu nakumbuka chukudu yako, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma kwa mguu. Ulijichongea mwenyewe kwa mti wa mkaratusi, magurudumu ya mbao, bila pedali, kama zile kubwa zinazoshusha makabichi mjini Goma. Ulinikalisha mbele, ukapiga goti nyuma yangu, tukateremka kutoka kule juu Kanyaruchinya huku vumbi jeusi la volkano likitujaa mdomoni. Breki ilikuwa kandambili yako ya kulia, uliyoikandamiza kwenye gurudumu la nyuma mpaka ikanuka mpira ulioungua. Mama akinunua mpya, ya kulia inatoboka, na nyumba yetu ikajaa kandambili za kushoto. "Huyu mutoto iko na muguu moja?" alikuwa akiuliza.

Siku moja lori lilisimama ghafla mbele yetu. Nikataka kuruka. Ukapiga kelele sikioni mwangu: "Usiruke! Ukiruka tunaanguka wote wawili. Kaa, mimi niko na breki."

Nikakaa. Tulisimama karibu sana na tairi la lile lori, ningeweza kuligusa. Kisigino chako kilikuwa kinatoka damu, na wewe unacheka. Mwaka uleule baba mudogo akakuchukua kwenda Kanada. Ulituambia kwamba makocha wako wa kwanza walishangaa: mtoto aliyevaa viatu vya barafu kwa kuchelewa hivyo, amejifunzia wapi kusimama imara? Mimi ningeweza kuwajibu.

Nimemaliza shule, Kaka. Matokeo yalipotoka majirani walinimwagia poda kichwani kunipongeza, nami nikakimbilia jikoni kujificha, mweupe kama mandazi ya unga mbichi. Mama alinikuta huko akasema, "Ungekuwa Amani, ungekuwa barabarani unacheza." Alisema kweli. Kwa hiyo leo najaribu kuwa wewe kidogo, nasema bila kujificha.

Usiruke.

Timu ya pili nayo inacheza kwenye barafu. Wachezaji wengi wa mwaka wa kwanza hupitia huko, nimesoma, na waliokaa walipandishwa. Utapanda. Sisemi hivyo kukufariji. Nilikaa mbele yako kwenye ule mteremko, najua mguu wako unavyokandamiza. Siku utakayorudi timu kubwa, nitamwambia Mama yote kwa pamoja, naye atakugombeza vizuri.

Na wewe mwingine, ambaye barua hii imekupitia mkononi hapa Goma kabla ya kumfikia Amani: Mama yetu anauza maharage soko la Virunga. Akianza kukusimulia mwanawe wa timu kubwa, mwitikie, "Ndiyo, Mama," uendelee kuchagua maharage. Usimwambie. Tunakuomba, mimi na Amani, mpaka apande.

Mdogo wako,
yule aliyekaa