Sauti Kutoka Doha Ilivyofunguka Macalder

Shikamoo Mama,

Natumai goti limepoa na mvua imefika huko Voi. Huku Homa Bay ni joto, na kila nikila samaki nakumbuka unavyompika kwa nazi.

Wiki jana nilikuwa Macalder, kwenye machimbo ya dhahabu, nikiuliza watu kuhusu bei ya intaneti kwa ule utafiti wetu. Adhiambo, mama anayeosha dhahabu mtoni, alinikatiza.

"Madam, msichana wangu yuko Doha. Amenitumia sauti kwa simu na inakataa kufunguka. Bando ni ghali, nikiweka kidogo inaisha tu."

Nikamwashia mtandao wa simu yangu, tukasikiliza pamoja. "Mama, nimejifungua msichana. Nimempa jina lako."

Ujumbe ulikuwa umekaa wiki tatu bila kufunguliwa. Adhiambo alijifunika uso kwa leso, akalia, kisha akacheka. "Kumbe mimi ni nyanya na sijui!"

Aliniruhusu kusimulia habari yake. Leo asubuhi nimeisimulia mbele ya kamati inayoandaa sera ya mtandao, kabla ya kuonyesha takwimu zetu. Kipengele cha intaneti ya bei nafuu kilikuwa karibu kuondolewa kwenye rasimu yao, lakini sasa kimebaki.

Wenzangu walikuwa wakipongezana, mimi nikatoka nje peke yangu. Nilitamani kuwa jikoni kwako, unigombeze kwa kukaa mbali hivi. Nina hamu nawe, Mama. Mungu akutunze hadi nifike mlangoni.

Binti yako,
Mghoi