Kichaka cha Ukutani

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie, na natumaini zitakukuta mzima, na hilo goti lako limekubali kupanda ngazi bila kunung'unika. Mimi sijambo, ukiacha macho, ambayo siku hizi yanataka miwani mbili: moja ya kusomea na ya pili ya kuitafutia ile ya kwanza. Sweta uliyonifumia ilifika. Inanibana kidogo kifuani, lakini naivaa hivyo hivyo ofisini, na mtu akiuliza kafuma nani, najitapa mpaka anajuta kuuliza.

Mwisho wa mwezi huu nastaafu. Wameshanifanyia sherehe ukumbini, na mkurugenzi akasoma hotuba ndefu kama mkesha. Alisema nimetumia maisha yangu kuyafanya majani yaseme siri zao. Watu wakapiga makofi. Katibu wa idara alilia, ingawa yeye hulia hata birika la chai likiharibika. Nilisimama pale na shada la maua mkononi, nikatamani ardhi ipasuke niingie.

Hujawahi kuniuliza vizuri kazi yangu ni nini. Umezoea kuwaambia majirani kwamba mdogo wako anapika majani asiyoyala, na hujakosea sana. Nachuma mmea, naukausha, nausaga, nauloweka katika spiriti, nachuja, kisha naivukiza ile spiriti mpaka kibaki kitu cha kunata chini ya chupa. Hapo ndipo kazi inapoanza: kukigawanya hicho kidogo kidogo mpaka nijue kipi kinaponya na kipi kinaua. Na kuna sheria moja tuliyofundishwa kabla ya nyingine zote. Kila mmea unaochumwa hugawanywa mara mbili: sehemu moja inakwenda kwenye chupa, na tawi moja linabanwa katikati ya magazeti na kushonwa kwenye karatasi ngumu. Chupa na karatasi vinabeba namba moja. Mtu akija hata baada ya miaka hamsini akasema nionyeshe ulichopima, unamfungulia kabati.

Na namba huandikwa kwa penseli, papo hapo, porini. Mwalimu wangu, yule mwenye kipara, alikuwa akimpokonya mwanafunzi kalamu ya wino na kuitia mfukoni mwake mwenyewe. Alisema wino una maringo, ukiguswa na maji tu unakimbia. Tulimcheka sana.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Katika kabati langu kuna karatasi namba mia mbili na kumi na mbili, na kila nikilifungua kabati hilo namsikia shemeji akikohoa. Kikohozi chake kile kile: mara tatu kwa haraka, kimya, kisha mara moja. Nacheka ninapoandika, maana mimi ndiye niliyekuwa nikikudhihaki wewe kwa kuogopa paka weusi. Nilimwita fundi bomba akague mabomba yote ya ukuta ule, akasema ni mazima. Nilihama chumba mara mbili, kikohozi kikahama nami. Hakiji gizani, kinakuja saa nane mchana, jua likiwa dirishani na wanafunzi wangu wakibishana kando yangu, na hakuna anayegeuza shingo isipokuwa mimi. Naogopa, dada. Ni miaka ishirini na tisa sasa, na bado naogopa.

Wiki tatu zilizopita nilipata mgeni. Nilishuka mapokezi nikamkuta mwanamke amekaa ameshika mkoba kwa mikono miwili, na kabla hajasema neno nilimjua kwa kidevu, maana ni chako kitupu. Mara ya mwisho kumbeba alikuwa na miaka miwili, wiki ile wakwe zako walipokuja kumchukua na kusema hawawezi kumwacha mtoto wa ndugu yao alelewe na mkono uliomuua baba yake. Sasa ni muuguzi. Aliniita mama mdogo, polepole, kama mtu aliyelifanyia neno hilo mazoezi njiani.

Aliniambia bibi yake amefariki, yule aliyemlea, na kwamba tangu akiwa mdogo alikatazwa kulitaja jina lako ndani ya nyumba ile. Alisema amekuja kwangu kwa sababu katika ukoo mzima mimi ndiye ninayejua sumu. Akaniomba nimjibu kama mtaalamu, sio kama ndugu: je, ni kweli mama yake alimuua baba yake?

Nilimjibu kwamba hukukusudia. Nilimwambia ulichanganya vichaka viwili vinavyofanana, basi, na kwamba kosa kama hilo linaweza kumpata yeyote. Aliitikia kwa kichwa, akanishukuru kwa adabu, akaondoka bila kugusa chai. Nilibaki nimekaa pale mapokezi. Kikohozi kikaja, na safari hii kabati lilikuwa limefungwa, nami nilikuwa ghorofa mbili chini yake.

Univumilie nikiyarudia unayoyajua, maana nataka yaandikwe mara moja yote, kwa mpangilio. Shemeji alikohoa miezi miwili. Majirani wakakwambia nyuma ya nyumba yenu kuna kichaka ambacho majani yake yanasafisha kifua. Lakini vichaka vilikuwa viwili, kimoja kimeegemea ukuta na kingine kando ya mfereji, majani sawasawa, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na ua. Mwingine angechuma tu. Wewe ulisema hapana, huchemshi kitu mpaka mdogo wako apime. Ulikuwa ukiniamini namna hiyo, na mimi nilikuwa nimeanza kazi mwaka huo huo.

Nilikuja nikachuma matawi ya vyote viwili. Nikavipima. Maji ya kimoja hayakumdhuru mdudu hata mmoja wa wale tunaowapimia, na maji ya kingine yaliwaua wote kabla sijamaliza kunawa mikono. Jumapili iliyofuata nilikuja jikoni kwako, wewe ukikunja nguo, nikakueleza kipi cha kung'oa na kipi cha kuchemsha. Ulikwenda kung'oa siku hiyo hiyo. Ulimchemshia shemeji siku kumi na mbili, na siku ya kumi na tatu moyo wake ukasimama. Wakwe wakaikuta sufuria.

Siku ya mazishi ulinivuta stoo, ukafunga mlango, ukaniuliza kwa sauti ndogo: uliniambia nichemshe cha ukutani, sivyo? Nami nikakujibu, hapana dada, nilisema cha mfereji. Uliweka mkono mdomoni. Tangu siku ile umemwambia kila mtu kwamba ulichanganya, kosa ni lako, na hukuwahi hata mara moja kulitaja jina langu kwa mtu, ili kazi yangu isiingie doa.

Dada, hukuchanganya. Nilikwambia cha ukutani. Ulisikia sawasawa, ulikumbuka sawasawa, na ulifanya nilivyokwambia hatua kwa hatua.

Siku ile ya kuchuma niliandika vibandiko kwa kalamu ya wino, kalamu nzuri ambayo shemeji mwenyewe alinipa nilipomaliza chuo. Nilitaka aione nikiitumia. Njiani mvua ikaninyeshea, na nilipofika maabara vibandiko vyote viwili vilikuwa madoa ya buluu. Nilitakiwa kuyatupa matawi yale na kurudi kwako kuchuma upya. Ilikuwa nusu saa tu kwa basi. Lakini niliona haya, mwalimu, ambaye sasa alikuwa mkuu wangu kazini, asije akajua, nikaandika namba upya kwa kubahatisha, nikajiambia nakumbuka mfuko upi ni wa wapi. Sikukumbuka. Nilivigeuza.

Hilo ni kosa, na kosa ningeweza kulikiri. Lililobaki si kosa. Asubuhi ya mazishi, kabla hujanivuta stoo, nilikwenda nyuma ya nyumba nikakuta kichaka cha ukutani kimetoa maua, na kwa ua lile nikajua ndicho chenye sumu. Kwa hiyo uliponiuliza, nilikuwa najua. Nilikudanganya ukiwa umevaa nguo za msiba. Na kabla ya kuondoka nilivunja tawi lake nikalitia kwenye mkoba. Ndilo hilo lenye namba mia mbili na kumi na mbili. Sumu iliyomuua mume wako ndiyo niliyoichambua, nikaipa jina, nikaitwa daktari, kisha profesa, na leo wananipa maua. Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, na wewe ndiye uliyetembea juu ya miiba yake.

Tangu nianze barua hii nimempelekea mkurugenzi maelezo haya yote, pamoja na ile karatasi. Nakala nimewaandikia wakwe zako, kwa jina langu na sahihi yangu, nikawaomba waisome mbele ya watu wale wale walioshuhudia wakikufukuza. Sikuombi unisamehe. Ukitaka nisikanyage tena mlangoni kwako, sitakanyaga.

Jana nilikwenda hospitalini anakofanya kazi mwanao, nikampa barua hii, ilipokuwa imefikia hapo juu, aisome kwanza. Aliisoma yote amesimama, kisha akaikunja vizuri na kunirudishia. Hakunitukana. Aliniuliza kitu kimoja tu, ni basi gani linafika kwako, na akasema nikiimalizia barua ataileta mwenyewe. Nimemwomba asiseme yeye ni nani mpaka umalize kusoma.

Nisalimie majirani wote. Mungu akulinde.

Inua macho, dada. Mkaribishe mwanao.

Ni mimi,
Mdogo wako