Mama Sifa Amefika Salama

Mpendwa Mama,

Mama Sifa amefika Mubi salama. Nakupa habari hiyo kabla ya salamu, maana najua ungeniuliza yeye kwanza, mimi baadaye.

Ulimwacha juu ya pikipiki, kapu la jibini la Masisi magotini, akienda Mubi, kule Walikale, kumtafutia mwindaji mbwa wake aliyepotea. Mstari wa mwisho wa hadithi katika daftari lako unasema mvua ilianza kunyesha. Baada ya hapo ni kurasa tupu. Tulipokuzika, watu hapa Mweso walinipa pole, na wiki haikuisha wakaanza kunisimamisha sokoni. "Dada, na ule mama wa kapu ya fromaji? Tangu ile siku mvua iko inamupiga tu?"

Nilicheka nao, lakini nyumbani nililia.

Unakumbuka meza yetu? Ulimaliza kusahihisha madaftari ya wanafunzi wako, ukavuta lako, ukaandika huku mimi nachambua maharagwe. Uliponisomea, nilikuwa na kazi moja tu, kukisia mwizi ni nani. Siku moja nikakuomba yule mwizi wa sufuria auawe. Ulinigonga vidole kwa kalamu. "Mu kitabu yangu hakuna muntu anakufa. Kufa watu wanaionaka kule inje. Kwangu kunapoteaka tu mbuzi na sufuria." Nilikuwa mdogo, nikaona unaninyima uhondo. Baadaye tulikimbia vita na magodoro kichwani, na jioni ile, kwenye darasa tulimolala na familia nyingine, uliwasomea watu kisa cha kuku wa katekista. Walicheka mpaka watoto wakasinzia. Hapo nilikuelewa.

Kisha ukaugua. Kitandani hospitalini ulinishika mkono ukasema, "Usimuache mu njia." Nikakubali. Nani anamkatalia mama aliye kitandani? Lakini nilikukasirikia, Mama, nasema kweli. Ulinitwisha mtu ambaye watu wa Masisi na Walikale wanamjua kuliko wanavyonijua mimi. Kila nilipoandika, Mama Sifa alikaa kama mgeni aliyevaa nguo zako. Nilichana kurasa nyingi. Niliogopa watu watasema alikufa siku moja na mwalimu, na kosa lingekuwa langu.

Mwishowe nilimaliza. Nikaandika kwamba Mama Sifa alikuwa anakunywa chai kwa mchungaji, akasikia ile kengele ya mti ambayo mbwa wa kuwinda huvaa shingoni ikilia nyuma ya jiko, akaifuata, akamkuta mbwa amefungwa. Nilijivunia kengele ile. Nikatoa fotokopi kama ulivyozoea, nikazipeleka mwenyewe Mubi, kwenye lile duka la chumvi na betri wanakosoma vitabu vyako kwa sauti.

Aliyesoma ni Papa Musafiri, yule mwindaji uliyezoea kumtumia jibini. Nilikaa juu ya mfuko wa chumvi. Alipofika kwenye kengele akaweka kidole kwenye mstari. Akanitazama juu ya miwani.

"Iko kosa hapa."

Watu wote dukani wakasogea karibu.

"Kengele ya imbwa inaliaka mu pori tu, wakati wa kufukuza nyama. Mu mugini, kwenye manyumba, tunaijazaka majani, isilie. Hii ya kwako inalia namna gani nyuma ya jiko?"

Nilitamani ardhi inimeze. Mtoto wa nchi ya ng'ombe na vilima, nani alinituma kuandika mambo ya msitu? Nikaanza kuomba msamaha, lakini hakunisikia. Alikuwa amesimama, anapiga makofi, na duka zima linapiga naye.

"Nimeipata mimi! Mimi njo wa kwanza!" Kisha akanigeukia, macho yamejaa machozi. "Mama yako alituachiaka kosa moja mu kila kitabu, sisi tuitafute sawa nyama mu pori. Nilisema mutoto hataijua ile desturi. Kumbe alikufundisha! Mama Sifa iko muzima."

Mama, hukunifundisha. Sikujua kitu chochote kuhusu desturi hiyo. Kosa lile lilikuwa ujinga wangu mtupu, na nilisimama pale nikipokea mikono ya watu kama bibi harusi, bila kuwaambia ukweli. Nisamehe. Au cheka tu, najua unacheka. Mwenye duka alinipa chai, na nilikunywa kikombe kizima, mara ya kwanza tangu uondoke. Mzigo umeshuka. Hasira nayo imekwisha, siitafuti tena.

Njiani nikirudi Mweso kuna jambo lilinijia, nikaanza kucheka peke yangu mpaka dereva wa pikipiki akageuka kuniangalia. Mimi na wewe tumezaliwa kwenye vilima vilevile, na wewe pia hukuwahi kuwinda. Sasa niambie, Mama, kati yetu wawili tu: yale makosa yako yote, uliyaacha makusudi kweli?

Pumzika. Siri yako ninayo, na yangu unayo.

Kitindamimba wako