Mkwaruzo wa Alasiri

Baba, shikamoo. Marahaba yako siisikii tena, ila ulinilea hivyo, siwezi kuanza vingine.

Jana sahani zako za santuri zilipimwa thamani. Ni Bakari, mwanao, aliyemleta mnunuzi. Dawa za mama zimetushinda, na Bakari kasikia kwamba taarabu za zamani zinatafutwa. Dawa mama anazihitaji. Lakini tangu akili yake ianze kumtoka, hata jina langu halijui, na kinachomtuliza ni ile sahani moja uliyoipenda. Nikawa naomba bei iwe nzuri, na papo hapo naomba iwe mbaya.

Mnunuzi ni kijana wa bara anayekaa Ukunda, adabu anazo. Alizishika sahani kwa ukingo kama chapati za moto, akazielekeza dirishani, akazimulika kwa tochi. Nyingi aliziweka kando, akasema hizo kila mtu anazo. Ile uliyoipenda aliigeuza upande huu na huu. Zilitolewa chache mno, akatwambia, na wenye nazo hawaziachi. Bakari akanikonyeza. Kisha uso wa kijana ukashuka.

"Imekwaruzwa hapa katikati tu, tena mara nyingi. Nani alikuwa akiitoa sindano vibaya hivi?"

Nilicheka, baba, kicheko cha mtu asiye na la kufanya. Si wewe? Ulikuwa ukiiweka baada ya chakula cha mchana, na adhana ya Alasiri ikilia tu, huyo, unainyakua sindano wimbo haujafika mwisho. Mama akikusema kwamba utaiua sahani, nawe ukimjibu kuwa Mwenyezi Mungu akiita hasubirishwi. Humu nyumbani hakuna aujuaye mwisho wa wimbo ule.

Kijana alieleza kwamba ingekuwa safi, dawa zisingetusumbua kwa muda mrefu. Ilivyo, haimrudishii hata nauli. Akaaga vizuri, akaenda zake. Bakari alibaki barazani kainamisha kichwa.

Mama alipoanza kuhangaika, nikamwekea. Sahani ilipofika penye mkwaruzo ikakwama, ikawa inarudia neno lile lile, nikainua sindano. Akanitazama kwa upole.

"Baba yenu kenda msikitini. Mfunikie chakula, atarudi sasa hivi."

Nifanyeje, baba? Kumwambia umekufa, nimeshamwambia. Hulia upya kama siku ile ya msiba, kesho yake kasahau, tukaanza tena. Nimechoka kukuzika. Jana niliingia jikoni, nikapakua wali na samaki, nikaufunika kwa kawa. Tukakaa kukungoja, mimi na yeye.

Mwenyezi Mungu alitie nuru kaburi lako.

Ni mimi bintiyo, niliyebaki na mama.