Picha Nzito ya Mtoto wa Kaka

Jumatatu, 8 Machi 1999
Chakula cha mchana sikula. Nimekaa na skana ya ofisi hapa Changamwe, namtumia Kaka Athmani picha ya mwanawe kwa imeli. Yuko Maskati na ameapa: hampi jina mtu asiyemwona. Mkaidi huyo! Ijumaa ni siku ya saba, mtoto anyolewe na jina litajwe. Picha nzito mno, imegoma. Laini ya simu imekwama, faksi za bosi haziingii. Nimefokewa. Nikaenda kuchekea chooni.

Jumanne, 9 Machi
Nimeipunguza picha mpaka ikawa kama stempu. Ikaenda! Nikapiga kigelegele ofisini. Sijali.

Jumatano, 10 Machi
Jibu la kaka: anaona leso na umati wa watu, mtoto ni yupi? Wallahi nimekasirika. Ila kosa letu. Nani alitutuma tujazane ukoo mzima kitandani kwa mzazi? Dawa ni kuikata picha, abaki mtoto tu, iwe nyepesi na uso uonekane. Jioni nikalisema hilo nyumbani Likoni. Balaa! Shangazi Mishi, dadake marehemu Baba, akaja juu: "Unikate miye?" Wifi, mama mtoto, akanuna. Mama, aliyempakata mtoto pichani, ndiye aliyetutuliza: "Wakate wote, na miye nikate. Athmani anijua."

Alhamisi, 11 Machi
Nimewakata. Mmoja mmoja, bila huruma. Shangazi wa mwisho. Raha iliyoje! Kabaki mtoto, na mkono wa Mama uliomshika. Huo haukatiki. Nikapunguza na ubora: mashavu yakafanya chengachenga. Nikarudisha kidogo. Safi. Imeenda chai haijapoa. Lakini jibu hakuna, na kesho ndiyo siku.

Ijumaa, 12 Machi
Nimefika ofisini kabla ya bawabu. Jibu lipo! "Mashallah. Mkono ule ndio ulionilea. Mwiteni Rukia." Jina la Mama. Nikalia juu ya kibodi, nikaomba ruhusa, mbio hadi feri. Mtoto kanyolewa, kapewa jina. Halua nimekula mpaka aibu.

Jumamosi, 13 Machi
Nyumba kimya. Wifi hathubutu kulitamka jina la mkwewe, amwita mwanawe "Bibi". Shangazi hana woga huo. Mtoto kalia, naye akambembeleza: "Rukia, we Rukia!"
Mama, jikoni, akaitika: "Abee."
Hakuna aliyemsahihisha.