Fremu Nyeusi Hadi Ukurasa wa Mwisho

Chumba cha nyuma, kwa mama
Jumatano, 9 Aprili

Mpendwa kaka,

Pokea salamu zangu. U mzima? Kile kifua kimepona? Huku tunapumua. Mama ndiye amepoteza hamu ya kula, na sababu ni wewe. Usikimbilie simu kabla hujamaliza kusoma.

Ni kile kijitabu cha kumbukumbu ya baba. Ulimkataza fundi wa chapa asiguse kitu. Ukamtumia maagizo yako ya kompyuta, eti yenyewe yanajua ukurasa upi ufuate upi. Haya, bwana mtaalamu.

Fundi amenieleza taratibu, na hata mimi mshona nguo nimeelewa. Ulipanga aina mbili tu za kurasa: kwanza jalada, kisha ukurasa wa picha ya baba, wenye fremu nyeusi na maneno "Pumzika kwa Amani". Ukaishia hapo. Hukuandika kwamba fremu itumike mara moja, wala kwamba kurasa za kawaida, zenye picha za familia, zifuate. Mashine haikisii. Mpangilio uliotajwa mwisho ndio iliourudia hadi kitabu kikaisha.

Kwa hiyo wajukuu wote wamepumzika kwa amani. Shangazi naye kapumzika, na domo lake lote lile. Ukurasa wa tisa ni mama, anacheka, ndani ya fremu nyeusi.

Alikifungua mbele ya wageni. Hakulia. Alisema, "Mwanangu amenizika pamoja na baba yake, aokoe nauli." Tangu hapo amekataa kusikia jina lako. Anasema siku yake ikifika, usiitwe.

Sasa nikwambie na hili. Fundi alichapa nakala moja ya majaribio, akaniletea niikague. Niliona kila kitu. Miaka minane namwogesha mama, nawe unatuamrisha kwa simu! Nikamwambia fundi, "Chapa zote hivyo hivyo, kaka hakosei." Nilitaka uaibike wewe tu. Mama sikumfikiria, na hilo linaniuma.

Lakini yeye anaamini kosa ni lako peke yako. Ananiita mtoto wake aliyebaki. Sitamwambia. Nawe usijisumbue kupiga, simu yake naishika mimi.

Nisalimie wifi na wanao. Mungu awajalie usingizi mzuri kuliko wangu.

Akupendaye hata hivyo,
Dada yako